FUNDI WA ZEGE NAYE NI MFANYA KAZI



Katika toleo hili nilikusudia kuandika juu ya malipo ya saa za ziada, lakini shauri hilo liko mezani pa Halmashauri, wala si vizuri kulipigia kelele kabla majibu hayajaja. Basi nitaandika juu ya neno jingine, na najua wako watakaosema si neno la chama. Ni neno la zege. Ni habari ya mfanya kazi anayejenga nyumba yake, akataka njia ya miguu isiyo na tope na mahali pa kuingizia gari, akaenda kumtafuta fundi. Mimi nasema ni neno la chama kabisa. Na kwa kuwa nimekosa mimi mwenyewe katika jambo hili, nitaanza na kosa langu, mtu asije akasema Mhariri anyooshea wenzake kidole tu.

Wazee wetu wa reli walikaa katika nyumba za reli, Muthurwa na Makongeni. Chumba kilikuwa kidogo na choo kilikuwa cha watu wengi, lakini ukuta ukipasuka au njia ikivunjika ilikuwa kazi ya tajiri kuitengeneza. Siku hizi mambo ni mengine. Mtu hukopa katika ushirika, hununua ploti Syokimau au Mlolongo au huko kwao Voi, hujenga vyumba viwili vitatu, hupaka rangi, hualika watu. Mvua ya Aprili ikija ndipo aonapo ya kuwa kutoka langoni hadi mlangoni ni ziwa. Watoto waenda shule viatu mkononi, na mgeni aingiapo sebuleni aleta nusu ya shamba. Hapo ndipo mtu huanza kuulizia fundi wa zege. Na siku ile amwitapo fundi, mfanya kazi huyo ambaye kila mwezi hulalamika juu ya tajiri amekuwa tajiri yeye mwenyewe, tena wa watu watatu au wanne, kwa siku mbili au wiki moja.

Ploti yangu iko upande wa Athi River. Anayeujua upande ule aujua udongo wake mweusi, ule uitwao udongo wa pamba. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha huvimba kama unga wa mandazi. Niliwauliza mafundi watatu, nikamchukua aliyetaja bei ya chini kuliko wote. Alikuwa mtu wa pale pale, akaa nyuma ya soko, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Alipima kwa hatua, kisha akapima tena kwa futi kamba, akaandika kwa kipande cha mkaa juu ya ubao: urefu mita 8, upana mita 3, unene sentimita 10. Akaniambia nilete mifuko 16 ya simiti.

Mimi nilifikiri, huyu ameniona. Mifuko 16 kwa kipande cha zege kama kile! Kwa moyo wangu nikaona mifuko mitano itauzwa usiku. Nikamwambia, "Nitaleta 11, itatosha." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa 11, ama zege itakuwa nyembamba ama itakuwa dhaifu. Uchague." Nami nikajibu neno ambalo ninyi nyote mmelisikia likisemwa na wakubwa wetu wasiotaka kubeba lawama: "Wewe ndiwe fundi, utajua." Akasema, "Sawa, bosi."

Hesabu yake ilikuwa ya haki, nami nimeifanya mara nyingi tangu siku ile. Zidisha 8 kwa 3 kwa sentimita 10, wapata mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyo wa kipimo 1 cha simiti, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto, mita moja ya ujazo hula mifuko 6 na zaidi kidogo, ile ya kilo 50. Basi ni mifuko 15 na kitu, na hakuna duka liuzalo kitu. Kwa mifuko 11, ukitaka mchanganyo ubaki ule ule, unene washuka kuwa sentimita 7. Ukitaka unene ubaki 10, mchanganyo wawa 1 kwa 3 kwa 6, nao ni wa kujazia chini ya msingi, si wa kupita gari juu yake. Yeye alichagua wembamba. Sikumwuliza amechagua nini. Nilikuwa zamu.

Tena kosa halikuishia hapo. Zege haikauki kama nguo kwenye kamba, kama wengi wetu tufikirivyo. Zege hushikana kwa kunywa maji, na ikinyimwa maji siku za kwanza hubaki nusu yake. Yafaa ilowe siku 7 bila kukosa. Upande wetu maji ni ya kununua, na mimi nilihesabu mitungi ya lita 20 nikaona huruma ya pesa yangu. Tulimwagia siku mbili tukaacha. Siku ya 12 likaja gari la maji la jirani, la lita 10,000, likakosa mahali pa kugeuzia, dereva akarudisha nyuma akapanda juu ya zege yangu mpya. Maji peke yake ni tani 10, bado gari lenyewe. Ilisikika sauti kama ya ubao. Kipande cha karibu na lango, mita 3 kwa 3, kikawa ramani ya nchi nisizozijua.

Nilighadhibika. Nilikuwa nimebakiza shilingi 4,500 za fundi, nikamwambia hatapata hata senti. Akajaribu kuongea, nikakata simu.

Baada ya siku nne akasimama langoni kijana. Nilimkumbuka, alikuwa mmoja wa wale wawili waliochanganya, wale tuwaitao watu wa mkono. Akavua kofia. Akasema, "Mzee, mimi nilichanganya siku mbili. Fundi asema hajalipwa." Mikono yake ilikuwa imechubuka na kuwa myeupe kwa simiti mbichi, maana alifanya kazi bila glavu, na mimi nilimwona akifanya bila glavu nisiseme neno. Nikamjibu: "Mimi sikukuandika wewe. Aliyekuandika ni fundi. Nendeni mkadaiane huko." Akavaa kofia akaenda.

Nilipoingia ndani mama watoto akaniuliza kwa upole, akiwa anachagua mchele, "Maneno hayo si ndiyo yale mliyokuwa mkiyalia chamani?"

Ndugu zangu, nilikaa chini. Kwa maana ni kweli. Hatujasahau habari ya wafagiaji na walinzi walioletwa na kampuni ya kuajiri watu, mishahara yao ikachelewa, na walipokwenda kuuliza wakaambiwa na wakubwa, "Ninyi si watu wetu, mwulizeni kontrakta." Sisi tuliandika barua. Mimi mwenyewe niliichapa barua ile. Tulisema ni aibu mtu kutumia jasho la mwenzake kisha akajificha nyuma ya mtu wa katikati. Na sasa nilikuwa nimejificha nyuma ya fundi, nikiwa nimesimama juu ya zege iliyochanganywa na kijana yule.

Pengine sheria ingenisimamia. Fundi achukuaye kazi nzima kwa bei moja si mfanya kazi wako, yeye ni mkandarasi, na wasaidizi wake ni wake. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yasema wazi ya kuwa mshahara wa kibarua wa siku ni haki yake mwisho wa siku ile. Si mwisho wa wiki, si zege ikishapona. Mwenye kujua hayo akiwa mwanachama hawezi kusema hakujua akiwa mwenye ploti. Januari 1947 huko Mombasa, vibarua wa gatini na watu wa reli waliacha kazi pamoja. Chama ambacho kizazi kile kilituachia hakikujengwa ili tuwe hodari wa kudai tu.

Nilimtafuta kijana yule jioni ile nikamlipa siku zake mbili, na mwenzake pia.

Sasa nitasema na upande wa pili, kwa maana nisiposema mtasema Mhariri amekuwa wakili wa mafundi. Wako mafundi ambao ni hasara juu ya miguu miwili. Huchukua pesa ya kuanzia leo, kesho simu imezimwa. Huanza kazi kwako, akiitwa mahali pengine pa pesa zaidi huacha mbao zimesimama na mvua yaja. Huongeza maji katika zege ili iwe laini ya kuvuta, kisha nguvu yote yaondoka. Mfuko wa kilo 50 wahitaji maji kiasi cha lita 25 mpaka 30, na mchanga ukiwa umelowa yapunguzwe. Fundi amwagaye maji kwa mpira bila kupima anaharibu simiti uliyoinunua kwa jasho. Na wako wauzao mfuko mmoja mmoja usiku, hilo lipo, ingawa nimeona ya kuwa mara nyingi wauzao ni wale tuliowabana bei mpaka hawakubakiwa na chakula. Sitetei wizi. Nasema nilichokiona.

Basi mtu afanyeje? Kwanza asiulize bei kabla hajaona kazi. Mwambie fundi akupeleke kwenye njia aliyoifanya zamani, iliyopitwa na mvua za masika na za vuli, walau mbili. Zege ya wiki jana ni nzuri zote. Tazama kama maji husimama katikati, kama kando zimemeguka, kama uso watoa vumbi ukisugua kwa kiatu. Tena zungumza na mwenye nyumba peke yake, umwulize mambo mawili: kama fundi alimaliza kazi, na kama yeye alimlipa. Jibu la swali la pili litakueleza mengi juu ya jibu la kwanza. Ikiwa fundi ana kadi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, ni vizuri. Asipokuwa nayo usimfukuze kwa hilo tu, wako mikono mizuri isiyo na kadi. Bali ukiwa na wawili walio sawa, mchukue mwenye kadi.

Mimi napendelea fundi wa mtaa. Wa mbali aweza kuwa hodari, lakini wa mtaa anajua udongo wa pale, anajua maji hutoka wapi wakati wa mvua, na jina lake laishi pale pale penye njia yako. Akiharibu, atapita mbele yake kila siku akienda sokoni. Tena kijana wake wa mkono ni mtoto wa jirani yako, na hela uliyolipa jioni yarudi katika duka lile lile ununuapo unga.

Pili, nunua vitu mwenyewe, fundi auze kazi yake tu. Hivyo hapana haja ya kumpa pesa nyingi mbele, naye hashawishiki. Tazama mfuko wa simiti kabla haujashushwa: uliokaa sana ghalani huwa na mabonge magumu, huo urudishe. Kokoto ziwe safi, zisiwe na udongo. Hapa sisi watu wa reli hatuna udhuru, maana tumekanyaga kokoto maisha yetu yote na tunajua ya kuwa reli haishikwi na chuma peke yake, inashikwa na kokoto na mfereji. Mahali palipo na maji yaliyosimama chini ya njia, treni hucheza. Zege nayo ni vivyo hivyo. Udongo mweusi uchimbwe utolewe, mahali pake pajazwe mawe na maramu, pamwagiwe maji na kushindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka kisigino kisiache alama. Kazi hii haionekani ikiisha, kwa hiyo ndiyo wengi hukataa kuilipia. Mimi ningesema ndiyo nusu ya kazi nzima.

Maji yawe na mahali pa kwenda. Kila mita moja, njia ishuke kama sentimita 2, kuelekea mbali na ukuta. Na uso wa njia uwe chini ya ule mstari wa DPC wa nyumba kwa sentimita 15, la sivyo ukuta utanyonya maji na rangi itabambuka. Mwanachama mmoja wa karakana alimwaga zege nzuri kabisa juu ya mstari huo, na sasa chumba cha watoto chanuka ukungu. Zege yote ni nzima. Nyumba ndiyo mgonjwa.

Njia ya miguu yatosha sentimita 7 au 8 juu ya chini palipo pagumu. Gari dogo, 10. Likipita gari la maji au lori la mchanga, 15 pamoja na nyavu za chuma, nazo zisilale chini kabisa bali ziinuliwe juu ya vipande vya mawe, kwa maana nyavu zilizolala udongoni ni pesa iliyozikwa. Zege ndefu nayo ikatwe mikato kila mita 2 na nusu au 3. Zege hupasuka, hilo ni tabia yake. Ukikata mkato itapasuka pale ulipotaka wewe, usipokata itapasuka itakapo yenyewe. Imwagwe asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, ifunikwe kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya nailoni ya ujenzi. Kwa kufunika hivyo maji yanayotumika ni machache sana, na laiti ningalijua hilo nisingalihesabu mitungi. Mtu aweza kupita kwa miguu baada ya siku moja au mbili. Gari dogo lingoje wiki moja hadi siku 10. Gari zito lingoje siku 28, hata kama dereva ni shemeji yako.

Tatu, andikeni karatasi. Mafundi wengi hawapendi karatasi kwa sababu wameiona ikitumika kuwanyima, si kuwalipa. Mwonyeshe ya kuwa yamlinda na yeye. Iandikwe urefu, upana na unene. Mchanganyo ni upi. Nani achimba, nani apeleka udongo mbali, nani aleta maji. Kazi yaanza lini. Gari gani litapita. Iandikwe bei ya kazi na jinsi itakavyolipwa. Mimi sasa hulipa kwa mafungu matatu: moja kuchimba na kushindilia kukiisha na mbao zikisimama, la pili zege ikimwagwa, la mwisho baada ya siku 7 za kumwagia maji. Sehemu ya vibarua haingoji fungu lolote, hutolewa kila jioni mbele ya fundi na mbele yao. Mkatie sahihi wote wawili na shahidi mmoja, na namba za vitambulisho. Pesa ipite kwa M-Pesa, si kwa sababu fundi ni mwongo, bali kwa sababu binadamu husahau na simu haisahau.

Na glavu. Na viatu vya mpira. Simiti mbichi huunguza ngozi polepole, mtu hajui mpaka usiku. Jozi tatu za glavu ni bei ndogo kuliko mfuko mmoja. Weka ndoo ya maji safi ya kunawa na chai ya saa nne. Sisi tulipigania viatu vya kazi na koti la mvua miaka mingi, wala hatukupewa kwa upendo.

Ikiwa mambo yameharibika hata hivyo, msianze kwa kutukanana. Fundi na mwenye nyumba wakae, wapime unene kwa kuvunja pembe moja, wahesabu mifuko, ijulikane kosa ni la nani. Wakishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka wa 2021. Husikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu aweza kujisemea bila wakili, na sheria yataka shauri liishe katika siku 60. Lakini karatasi ndiyo itakayosema. Mwenye kwenda pale na maneno matupu atarudi nayo.

Mwisho wa habari yangu ni huu. Jumapili moja nilikwenda nyuma ya soko nikabisha mlango wa fundi. Nilimkuta anatengeneza mpini wa sepetu. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya mifuko mitano. Hakucheka, lakini alinipa kiti. Yeye alisema naye alikosa, kwa maana alijua zege ya sentimita 7 haitabeba gari na alipaswa kuikataa kazi au kuniandikia. Alinyamaza kwa sababu karo ya mtoto ilikuwa imefika. Tukapatana. Nilimlipa 4,500 zake. Kipande kilichovunjika tukakitoa, tukachimba zaidi, tukamwaga upya kwa sentimita 15 na nyavu. Simiti niliinunua mimi, naye alikata nusu ya bei ya kazi yake. Vibarua walilipwa kamili kila jioni. Kipande kile peke yake kilikula mifuko 9. Nilipunguza mitano nikaja kununua tisa, pamoja na kokoto mpya, nyavu, na siku tatu za watu. Kijana wa mkono alikuwapo, safari hii ana glavu. Mvua za mwisho wa mwaka zimepita juu yake na gari la maji limegeuka pale mara nyingi. Nusu ya juu, ile ya sentimita 7, bado iko. Tumeweka mawe mawili makubwa ili gari lisiifikie.

Halmashauri ya tawi imekubali tuanze daftari la mafundi wa zege, wa mawe na wa paa, kwa ajili ya wanachama. Mwenye kumjua fundi mwema wa mtaa wake, Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu, alete jina kwa katibu wa tawi pamoja na ruhusa ya fundi mwenyewe, na aseme mahali ilipo njia aliyoifanya ili mwingine akaitazame. Fundi naye atakuwa na nafasi yake katika daftari hilo hilo ya kuandika ni mwanachama gani aliyemwajiri bado hajamlipa. Halmashauri ilibishana juu ya nafasi hiyo saa nzima, ikapita kwa kura mbili. Karatasi ya mapatano tumeitoa nakala, ukurasa mmoja, yapatikana ofisini jioni baada ya zamu, siku yoyote ila Jumapili.

Mhariri